Chagas na kovu la moyo: EF ikisoma vizuri, usimruhusu mgonjwa kabla ya kuangalia ncha

MpimaMoyo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni Mtanzania, kazi yangu ni kupima moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, hapa Texas. Wagonjwa wetu wengi wametoka Meksiko, El Salvador, Honduras na Bolivia, na miongoni mwao wapo wenye ugonjwa wa Chagas. Waswahili tuliopo huku kwenye hospitali, maabara na nyumba za wazee tunazidi kuongezeka, na kuna jambo moja kuhusu moyo wa Chagas ambalo hata watu hodari wa kazi hulipita. Kovu hutangulia, udhaifu wa moyo hufuata. Kati ya hayo mawili inaweza kupita miaka mingi, na miaka yote hiyo ripoti inaandikwa "EF 60, kawaida" (EF ni asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kwa kila pigo), mgonjwa anaambiwa nenda salama, kumbe kovu limeshakaa kwenye msuli.

Kwa asiyeufahamu: Chagas inaletwa na kimelea kiitwacho Trypanosoma cruzi. Daktari Carlos Chagas alikigundua mwaka 1909 huko Lassance, jimbo la Minas Gerais nchini Brazili, alikokuwa amepelekwa kupambana na malaria iliyokuwa ikiwaangusha wajenzi wa reli. Mhandisi mmoja wa reli alimwonyesha wadudu wanaotoka usiku kwenye nyufa za nyumba za udongo kuja kunyonya damu ya waliolala. Chagas akawapasua, akakuta vimelea tumboni, akakipa kimelea hicho jina la Oswaldo Cruz, mkuu wake. Aprili ya mwaka huohuo akakikuta kwenye damu ya mtoto wa kike wa miaka miwili, Berenice.

Mdudu huyo Bolivia na Argentina wanamwita vinchuca, Brazili barbeiro. Mate yake hayaambukizi. Ananyonya, anajisaidia palepale juu ya ngozi, mtu anajikuna usingizini na kinyesi kinaingia kwenye alama ya kuumwa au kwenye jicho. Ugonjwa hupita pia kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni, kwa damu ya kuongezewa, kwa kiungo cha kupandikizwa, na kwa juisi ya miwa au ya tunda la açaí iliyosagwa pamoja na mdudu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 7 wanaishi na maambukizi haya, na walio wengi hawajui.

Wiki za mwanzo mtu anaweza kupata homa, au jicho moja kuvimba, au asihisi chochote. Kisha ugonjwa unanyamaza. Wengi hubaki hivyo hadi mwisho wa maisha yao, na Berenice mwenyewe alivuka miaka 70 bila moyo wake kushindwa. Lakini watu kama 20 hadi 30 katika kila 100 huja kupata tatizo la moyo, mara nyingi miaka 10 hadi 30 baada ya kuambukizwa, akiwa mtu mzima mwenye familia na kazi, tena ameshahama kijiji kile alichoumwa.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kimelea kinaingia kwenye seli za msuli wa moyo na kujizalisha humo. Kinga ya mwili inakifuata, inapigana nacho, haikimalizi. Vita hivyo vidogo vinaendelea kwa miaka. Seli za msuli zinakufa moja baada ya nyingine, na kwa kuwa moyo hauoti msuli mpya wa kutosha, nafasi inajazwa na kolajeni, yaani kovu. Vimishipa vidogo vya damu navyo vinavurugika, na neva zinazoongoza moyo zinaharibika. Kovu halikunji wala halisukumi damu. Msuli uliobaki unafanya kazi ya ziada kulifidia, ndiyo maana EF, inayopimwa kwenye ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, hubaki nzuri kwa muda mrefu. EF ni jumla ya ventrikali nzima. Haikuambii ni sehemu gani imekufa.

Kovu la Chagas lina mahali linapopendelea: ncha ya ventrikali ya kushoto, na ukuta wa nyuma na pembeni, upande wa chini karibu na shina la moyo. Kwenye ncha, ukuta unakonda na kubenuka nje, unakuwa kifuko. Hapa wapimaji wenzangu nawaomba mnisikilize. Ukiweka probu, kile kifaa cha eko cha kushika kifuani, juu kidogo kuliko inavyotakiwa, picha inaikata ncha. Ventrikali inaonekana fupi, ya mviringo, na kile unachodhani ni ncha kinakunjana vizuri kabisa. Unapima EF, unaandika kawaida, kumbe kifuko kipo chini ya hapo hukukiona. Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, shuka nafasi moja ya mbavu, sogea pembeni, mwambie atoe pumzi na aishike hapo. Ventrikali ikirefuka kwenye kioo, ujue sasa umeifikia ncha yenyewe. Utaona kifuko kidogo, wakati mwingine upana wa kidole tu, kuta zote zinakunja na chenyewe kimebaki kimya au kinatoka nje wakati wenzake wanaingia ndani. Ukishakiona, tafuta donge la damu humo. Picha isipokuwa wazi, omba dawa ya vipovu inayochomwa mshipani ili picha ing'ae, ndipo utajua kama ni donge au ni kivuli.

Donge hilo likichomoka linakwenda kwenye ubongo. Wapo watu ambao dalili yao ya kwanza ya Chagas ilikuwa kiharusi.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

Mkulima_Sengerema

Mkuu asante kwa elimu. Hii ndiyo malale au? Maana jina la kimelea naona linafanana.

MpimaMoyo

Ni ndugu wa ukoo mmoja, mkuu, lakini magonjwa ni mawili tofauti. Malale ya kwetu inaletwa na Trypanosoma brucei, inaenezwa na mbung'o, na mwisho wake hushambulia ubongo. T. cruzi ni wa bara la Amerika, anajificha ndani ya seli na anapenda moyo na utumbo. Aliyekulia Afrika Mashariki na hajawahi kuishi kule, wala mama yake hakutoka kule, wala hakuongezewa damu kule, hana sababu ya kulala na wasiwasi huu.

---

MaabaraKwanza

Kaka mpimaji, mimi ni mtu wa maabara, Kampala. Kwa malale tunatafuta kimelea kwenye damu kwa darubini. Huyo wa Chagas anaonekana?

MpimaMoyo

Anaonekana kwenye wiki za mwanzo tu, na kwa mtoto mchanga aliyeambukizwa na mama. Ugonjwa ukishakuwa wa muda mrefu, vimelea kwenye damu vinakuwa vichache mno, darubini itakupa jibu la "hakuna" kwa mtu ambaye anavyo. Hapo wanapima kingamwili, tena kwa vipimo viwili vya aina tofauti. Vikikubaliana ndipo wanasema ana Chagas, vikipingana wanafanya cha tatu.

---

DkAkiiki

Naomba kuongeza kitu kwa wasomaji wa kwetu, kwa sababu ukisema "kovu kwenye ncha ya moyo" daktari wa Uganda anawaza jambo jingine kabisa. Tuna ugonjwa wetu wa kovu la utando wa ndani wa moyo, ambao J.N.P. Davies aliueleza kutoka Kampala mwaka 1948, na hadi leo tunawaona watoto na vijana wakija na tumbo limejaa maji. Humo kovu linaijaza ncha kwa ndani, linaizibaziba, nafasi ya damu kuingia inapungua. Moyo unaweza kuwa na EF nzuri lakini haujai. Kwenye Chagas ni kinyume chake: ncha inakonda na kubenuka nje. Anayejifunza eko akumbuke hilo. Ncha iliyojaa na ncha iliyobenuka ni magonjwa tofauti.

Swali langu kwako: kwenye mapigo, mnaona nini?

MpimaMoyo

Shukrani daktari, nyongeza hiyo ina uzito, na nimefurahi umeileta wewe unayewaona wagonjwa hao.

Kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, picha inayotufanya tuulize "umezaliwa wapi?" ni njia ya kulia ya umeme kuziba pamoja na tawi la mbele la njia ya kushoto. Mtu wa miaka 45 kutoka mashambani Bolivia mwenye picha hiyo, hata kama amekuja kwa ajili ya goti, anastahili kipimo cha Chagas. Wengine mapigo yanashuka hadi wanahitaji betri ya moyo.

Ila kinachoua ghafla ni mapigo ya kasi yanayoanzia kwenye ventrikali. Kovu halipitishi umeme, lakini ndani yake na pembezoni mwake kuna vijinjia vya msuli hai vinavyoupitisha polepole. Umeme unalizunguka kovu kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe, unarudi ulikotoka, unaanza tena, na moyo unakimbizwa. Mara nyingi chanzo ni lile kovu la ukuta wa nyuma na pembeni. Ndiyo maana nasema EF peke yake haitoshi. Mtu anaweza kuwa na EF ya 55 akazimia barabarani.

DkAkiiki

Na MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inaongeza nini juu ya eko? Kwetu mashine ni chache na gharama ni kubwa, nataka kujua kama kweli inafaa.

MpimaMoyo

Daktari, hapa ndipo ushahidi ulipo. Eko inakuonyesha ukuta unavyokwenda. MRI inakuonyesha kovu lenyewe. Wanachoma dawa ya gadolini mshipani, wanasubiri dakika kama kumi. Msuli mzima unakuwa umeshaitoa dawa, kovu bado limeishika. Kwenye picha msuli mzima ni mweusi, kovu ni jeupe. Unaliona lilipo, unene wake, na kiasi chake kwa gramu.

Carlos Rochitte na wenzake wa São Paulo walichapisha kazi yao mwaka 2005 wakiwa na wagonjwa 51. Kwa wale waliokuwa hawana dalili yoyote, mmoja katika kila watano alikuwa na kovu tayari. Kwa wale waliokwisha kupata mapigo hatari ya ventrikali, wote walikuwa nalo. Na kadiri kovu lilivyokuwa kubwa, ndivyo EF ilivyokuwa ndogo. Mimi naona ule mmoja katika watano ndio wenye habari kubwa, kwa sababu ndio watu tunaowaambia hawana kitu.

Jambo jingine, kovu la mshtuko wa moyo wa kawaida huanzia tabaka la ndani la ukuta na hufuata eneo la mshipa ulioziba. La Chagas linaweza kuwa katikati ya ukuta au tabaka la nje, na ukienda kuangalia mishipa ya korona, inayolisha moyo wenyewe damu, kwa katheta (mrija mwembamba) unaikuta safi. Mgonjwa ana maumivu ya kifua, ana kovu, mishipa haina tatizo, watu wanabaki wanakuna kichwa.

Pasipo na MRI, eko yenye kipimo cha ufupikaji wa msuli inasaidia. Mashine inafuata vidoadoa vya msuli na kukuambia kila kipande kinafupika kwa asilimia ngapi. Kipande chenye kovu kinaanza kuzembea kabla EF haijashuka. Na hata bila hiyo, ECG, eksirei ya kifua na mashine ya kurekodi mapigo kwa saa 24 vinakupeleka mbali. Anis Rassi na wenzake huko Brazili mwaka 2006 walitoa mfumo wa alama kutokana na wagonjwa 424: kuchoka sana kwa moyo kushindwa, moyo mkubwa kwenye eksirei, ukuta usiokwenda sawa kwenye eko, mapigo ya kasi ya vipindi vifupi kwenye rekodi ya saa 24, mawimbi mafupi kwenye ECG, na kuwa mwanamume. Wenye alama chache, 10% walikuwa wamefariki ndani ya miaka 10. Wa kati 44%. Wa juu 84%. Hapo hakuna hata kipimo kimoja kinachohitaji MRI.

---

NesiHouston254

Mimi ni muuguzi, Mkenya, nipo Houston. Hii mada nilikuwa naisikia juujuu. Nilidhani ni ugonjwa wa wahamiaji peke yao, halafu jirani akaambiwa mbwa wake anao. Wadudu hawa wako hapa hapa Texas?

MpimaMoyo

Wapo dada, tena wenyeji, si wa kuletwa. Mbwa wa mashambani wanaambukizwa sana kwa sababu wanawala wadudu. Watu wanaoambukizwa humu humu ni wachache ukilinganisha na waliokuja nao, lakini wapo. Benki za damu Marekani zilianza kupima damu ya wachangiaji mwaka 2007, na wapo waliojua wana Chagas kwa barua ya benki ya damu. Ukimkuta mgonjwa wa namna hiyo kwenye wadi, usimwache aondoke bila ECG na eko.

---

Mzee_wa_Hoja

Nimesoma yote kwa makini. Nina pingamizi moja. Dawa ya benznidazole, ya kuua kimelea hiki, ipo tangu miaka ya 1970. Utafiti mkubwa ulifanyika, ukaitwa BENEFIT, na matokeo yake yalionyesha dawa haikuokoa mioyo. Sasa kumtafuta mgonjwa mwenye kovu na EF nzuri kuna faida gani, kama hakuna cha kumpa? Si kumtia hofu tu?

MpimaMoyo

Mzee wangu, swali lako ni la haki. Nianze na utafiti. Walikuwa wagonjwa 2,854 wa Argentina, Bolivia, Brazili, Kolombia na El Salvador, matokeo yakatoka 2015. Dawa ilipunguza vimelea kwenye damu, hilo lilionekana wazi. Lakini vifo na matatizo makubwa ya moyo vilikuwa 27.5% kwa waliopewa dawa na 29.1% kwa wasiopewa, tofauti ambayo haitoshi kusema dawa imefanya kazi. Ila angalia ni nani waliingizwa: watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo. Kovu likishakaa, kuua kimelea hakulifuti. Mimi nausoma utafiti ule kama hoja ya kuwahi, si hoja ya kuacha.

Mtoto mchanga akitibiwa ndani ya mwaka wa kwanza, zaidi ya 90% wanapona kabisa. Binti akitibiwa kabla ya kushika mimba, hatari ya kumwambukiza mwanawe inashuka sana. Hao ndio dawa inawafaa zaidi.

Na huyu mwenye kovu na EF nzuri, vya kumpa vipo. Kifuko chenye donge kinapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, hicho ni kiharusi kimoja kimezuiwa. Mapigo hatari yanapewa amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, au anawekewa kifaa cha kuushtua moyo kifuani. Moyo ukianza kulegea, zipo dawa zilezile tunazowapa wagonjwa wengine wa moyo, kwa tahadhari ya zile zinazopunguza mapigo, maana wengi wao mapigo yao tayari ni ya chini. Wengine hupandikizwa moyo mpya na wanaishi vizuri, ila wanafuatiliwa kwa sababu kimelea kinaweza kuamka dawa za kushusha kinga zikianza. Hofu anayo hata asipoambiwa, mzee. Anayezimia kazini anajua kuna kitu.

Mzee_wa_Hoja

Nimekuelewa. Hilo la walioingizwa wakiwa tayari wagonjwa sikulizingatia. Endelea, mwanangu.

---

MamaLucía_Valencia

Habari zenu. Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mimi ni wa Mombasa, naishi Hispania, mume wangu ni Mbolivia wa upande wa Cochabamba, amekulia nyumba ya udongo kwa bibi yake. Mwaka jana alipimwa kwa ajili ya kazi, wakasema ECG yake ina njia ya kulia iliyoziba, eko ni nzuri, EF 58, basi. Hakuna aliyemuuliza alikozaliwa. Tangu wakati huo anasema moyo unamruka usiku. Ana miaka 47. Mamake alifariki ghafla sokoni akiwa na miaka 52, walisema ni presha. Nimesoma uzi huu nikitetemeka. Nifanye nini? Na tuna watoto wawili, nao je?

MpimaMoyo

Dada yangu, pole, na umefanya vyema kuandika. Mimi si daktari wake, siwezi kusema ana Chagas au hana. Lakini kwa maelezo hayo anastahili kupimwa wiki hii, si mwezi ujao. Hispania ndiyo nchi ya Ulaya yenye wagonjwa wengi wa Chagas, madaktari wanaoujua wapo, na Valencia mko pazuri kwa hilo. Mwende kwa daktari wenu wa familia, aseme kwa kinywa chake mambo matatu: amezaliwa Cochabamba na kulala nyumba ya udongo, mama yake alifariki ghafla, na moyo unamruka. Aombe kipimo cha damu cha Chagas. Kikithibitishwa, aombe rekodi ya mapigo ya saa 24, na eko irudiwe na mtu atakayeambiwa wazi aitafute ncha. Akizimia au akikaribia kuzimia kabla ya hapo, usisubiri miadi, ita gari la wagonjwa.

DkAkiiki

Naunga mkono yote. Dada, ile karatasi ya ECG ya mwaka jana itafuteni, mwende nayo. Ya sasa ikilinganishwa na ya zamani inaeleza mengi.

MamaLucía_Valencia

Asanteni sana. Karatasi ninayo, niliihifadhi. Na watoto?

MpimaMoyo

Tumboni ugonjwa hupita kwa mama, na mama yao ni wewe wa Mombasa. Kama hawajawahi kwenda kuishi Bolivia kwenye nyumba za namna hiyo, sina wasiwasi nao. Niambie, mume wako ana ndugu wa kike?

MamaLucía_Valencia

Wawili. Mmoja yuko hapa hapa Hispania, mwingine yuko Cochabamba. Yule wa hapa ana mimba ya miezi mitano.

MpimaMoyo

Mpigie huyo leo. Mama yao ni mmoja na nyumba ni ile ile. Awaambie kliniki ya wajawazito wampime Chagas. Akikutwa nao, dawa hapewi akiwa na mimba, atasubiri ajifungue, lakini mtoto atapimwa mara tu akizaliwa na tena baadaye, na akikutwa nao atatibiwa akiwa bado mchanga. Yule wa Cochabamba naye apimwe, Bolivia vipimo vipo. Halafu rudi hapa utuambie daktari wa mumeo amesema nini.

MamaLucía_Valencia

Nampigia sasa hivi.